Jina Chini ya Sahani

Nimekuwa wa pili mara kumi na tisa, na nasema hivyo mapema ili asije mtu akadhani naficha. Mashindano ya keki ya sponji, Maonyesho ya Kilimo ya mji wetu mdogo wa Wirrabin, miaka kumi na tisa mfululizo: wa kwanza Noelene Trask, wa pili Merle Hoskin. Merle ndiye mimi. Noelene ni shoga yangu tangu darasa la kwanza, aliponing'ata mkono nami nikamng'ata sikio, na tangu siku hiyo hatujaachana. Lakini kila mwaka wakibandika utepe wa buluu kwenye keki yake, natabasamu hadi mashavu yanauma, kisha naenda chooni kusema maneno ambayo mchungaji wetu asingependa kuyasikia.

Basi mwaka huu, siku moja kabla ya maonyesho, huyo shoga yangu nusura afungwe kwa kosa la kuua. Na kisa chenyewe ni sahani.

Hapa kwetu ukialikwa popote, harusini, msibani au kwenye chai ya akina mama ya kila Jumatano, utaambiwa "njoo na sahani". Maana yake njoo na chakula. Luz alipoletwa hapa kutoka Ufilipino, mke mpya wa Gordon Baird, hakuna aliyemfafanulia. Akaja ukumbini na sahani tupu, safi, imefungwa kwa kitambaa, akakaa nayo mapajani mchana kutwa akidhani chama chetu cha akina mama hakina vyombo. Tulipogundua, tulicheka mpaka machozi, na yeye mwenyewe alicheka kutushinda wote. Hiyo ni miaka thelathini iliyopita. Tangu hapo mimi, Noelene na Luz tumekuwa watatu.

Sasa, sahani zikiwa nyingi jikoni zinachanganyika, kwa hiyo kila mwanamke anabandika jina chini ya ya kwake. Tukimaliza kuosha tunazipindua, kila mtu anachukua iliyo yake. Ni jambo dogo kabisa, hata hatulifikirii.

Aliyeuawa ni Clive Pettifer, msimamizi wa maonyesho. Alikutwa Jumanne jioni chini ya ngazi za nyuma ya nyumba yake, kichwa kimepasuka. Polisi wakasema hakuanguka. Alipigwa na kitu kizito, kati ya saa nane na saa tisa mchana. Clive alikuwa mkorofi, na sitamsifia uongo eti kwa sababu amekufa. Lakini kila majira ya baridi alizunguka mji mzima na pikapu yake akigawa malimau ya mti wake, anayaacha mlangoni bila hata kupiga hodi. Nilipopata habari nililia kwa ajili ya hayo malimau.

Tatizo ni kwamba wiki moja kabla, Clive alisimama mkutanoni akatangaza kwamba shindano la sponji litafutwa kwa sababu vijana hawashiriki. Noelene akainuka mbele ya watu arobaini, kidole hewani. "Clive, thubutu! Thubutu uone! Nitakuua kwa mikono yangu hii!" Tulimpigia makofi. Mimi ndiye niliyepiga zaidi.

Na polisi walipomuuliza alikuwa wapi Jumanne mchana, Noelene akajibu, "Nilitoka." Wapi? "Kutoka tu."

Nikamfuata nyumbani kwake. "Shoga, niambie mimi. Ulikuwa wapi?"

"Merle, usiniulize."

Ebo! Miaka hamsini na tano! Najua dawa anazomeza, najua uzito wake halisi, najua ni nani alimbusu nyuma ya bwawa la kuogelea mwaka aliokuwa tayari amechumbiwa na Ted. Leo ananiambia nisimuulize! Niliondoka nimefura. Kisha njiani hasira ikanitoka na hofu ikaingia, kwa sababu niligundua kwamba kule kwake nilikuwa nimeanza kumwangalia mikono.

Ijumaa tulikuwa ukumbini tukiandaa maonyesho. Luz anapiga deki mlango wa jikoni, mimi na Noelene tunapanga sahani, wengine wanakata sandwichi. Juu ya ngazi alikuwa Rodney Vickers, fundi rangi, mpwa wake Clive, anamalizia ukuta. Mjomba wake hana hata siku nne tangu afe na yeye yuko kazini. Alisema kazi inamsahaulisha. Tulimwonea huruma sana. Mimi mwenyewe nilimtengenezea sandwichi mbili za nyama ya kondoo, tena zenye nyama ya kutosha.

Inspekta Tran akaingia. Alikuwa ametumwa kutoka mji mkubwa, kijana mtaratibu, viatu vyake vimejaa vumbi letu.

"Karibu mwanangu, kaa unywe chai," Noelene akamwambia.

"Asante, Bi Trask. Labda baadaye." Akaweka mezani sahani iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaipindua. Chini yake kulikuwa na kipande cha selotepu ya buluu, kimeandikwa kwa herufi kubwa: NOELENE. "Hii ilikuwa mezani kwa marehemu. Kuna jambo hatukulitangaza. Juu yake palikuwa na nusu keki ya sponji."

Noelene akageuka mweupe kama unga. Macho yake yakapanda ukutani, yakashuka haraka, yakabaki kwenye meza.

"Sijawahi kupeleka keki kwa Clive," akasema.

"Basi ulikuwa wapi Jumanne kuanzia saa nane?"

Noelene akaanza kupanga upya sahani zilizokwisha kupangwa.

"Bi Trask, ulimtishia kumuua mbele ya watu arobaini. Jina lako liko kwenye sahani. Keki ni ile ile ambayo mji mzima unajua ni yako. Usiponiambia ulipokuwa, itabidi tuondoke pamoja sasa hivi."

"Siwezi kusema."

"Noelene, fungua huo mdomo!" nikamfokea. "Utaozea jela kwa ukaidi?"

Akatikisa kichwa. Akaanza kuvua aproni. Nilimwona anavyohangaika na fundo la mgongoni, na ghafla nikajua kabisa kwamba mikono ile haikuua mtu. Lakini kujua kwangu kungemsaidia nini?

Luz ndiye aliyeegemeza fagio la deki ukutani akaja mezani. Amefanya kazi duka la dawa miaka ishirini na mitano na hana haraka ya kitu. Akainamia ule mfuko.

"Hii siyo plasta yangu," akasema.

"Samahani?" Inspekta akauliza.

"Wanawake wote hapa wanabandika plasta ya vidonda. Ile nyeupe ya kitambaa. Wananunua kwangu. Haitoki, hata uoshe kwa maji ya moto mwaka mzima. Hii ni selotepu ya karatasi. Ukiiosha mara moja imekwisha."

Hapo akili yangu ikafunguka. Nikaanza kuzipindua sahani zote pale mezani, moja baada ya nyingine, kelele mtindo mmoja. "Njoo uone mwanangu! Trask. Baird. Mulcahy. Hoskin, mimi hiyo. Trask tena. Unaona Noelene yoyote hapa? Unaona Merle? Tunaandika jina la ukoo! Sahani ni ya nyumba, siyo ya mtu. Mama yake Noelene alishakufa na sahani zake bado zinarudi kwao. Aliyebandika hiyo hajawahi kuleta sahani mahali popote tangu azaliwe. Ni mwanamume huyo!"

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akapiga kigelegele. Inspekta alikuwa anaandika. Mimi nimejishika kiuno, kichwa kimevimba, najiona nimemwokoa rafiki yangu na kesho nitaandikwa gazetini.

"Na tena," Luz akasema, "chini ya hiyo buluu kuna kitu cheupe."

Inspekta akavaa glavu, akaitoa sahani, akabandua ile selotepu taratibu. Ikatoka kirahisi, kama Luz alivyosema. Chini yake palikuwa na plasta nyeupe, ya zamani, imeshika barabara. Maandishi yalikuwa yangu. HOSKIN.

Sahani yangu ya maua ya njano! Niliipoteza tangu chai ya Pasaka, nikaulizia mji mzima, nikamshuku hata mke wa mchungaji.

Hakuna aliyecheka sasa. Inspekta akanigeukia polepole.

"Bi Hoskin. Wewe Jumanne mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa naoka."

"Unaoka nini?"

"Sponji."

"Ulikuwa na nani?"

"Na bata wangu."

"Umekuwa wa pili kwa Bi Trask mara ngapi?"

"Kumi na tisa." Sauti yangu mwenyewe niliisikia inatoka mbali.

"Sahani ni yako. Keki unajua kuioka. Bi Trask akifungwa, kesho hakuna wa kukushinda." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonitisha. "Na mtu anayezijua desturi zote hizi za sahani, bila shaka anajua pia kuzikosea makusudi."

Nimejikaanga mwenyewe, tena kwa kelele. Nikafikiria bata wangu, nani atawafungia. Nikafikiria wanawake wote hawa watakavyosimulia, na kwamba wengine wataamini, maana kweli nimekuwa wa pili mara kumi na tisa na kweli iliniuma. Inspekta akafunga daftari lake.

"Mwache!"

Noelene alikuwa amesimama, aproni inaning'inia upande mmoja.

"Mwache Merle. Jumanne nilikuwa Burrendale, mji wa jirani, kwenye bekari ya Bi Iris, tangu saa tano hadi saa tisa. Mpigie simu Iris, atakwambia. Nilikunywa naye chai nikisubiri keki ipoe."

"Keki gani?"

Hakumtazama Inspekta. Alinitazama mimi. "Sponji, Merle. Ile ya chai ya Jumatano. Na nikaagiza ile ya kesho." Akaikusanya aproni kwa mikono miwili. "Zote, Merle. Miaka yote kumi na tisa. Mimi sijui kuoka sponji. Sijawahi kujua."

Birika la umeme lilikuwa linachemka peke yake kule jikoni na hakuna aliyekwenda kulizima.

"Na kuna jambo jingine," Noelene akasema haraka, kama anayeogopa asije akaishiwa nguvu. "Saa sita aliingia mtu ninayemfahamu. Nikajificha nyuma ya friji la soda, nimechuchumaa na goti langu hili bovu, asinione. Akanunua sponji nzima yenye pasheni. Nikasema moyoni, maskini, anampelekea mjomba wake." Akainua mkono, akanyoosha kidole juu ya ngazi. "Nimejua leo tu, uliposema keki."

Sote tukatazama juu. Rodney alikuwa ameshikilia brashi, rangi inamchuruzika mkononi.

"Uongo," akasema. "Mwanamke amekiri mwenyewe kwamba ni mwongo, mtamsikiliza?" Lakini huku anashuka ngazi, na miguu ilipogusa sakafu haikuja kwetu. Ilielekea mlango wa jikoni.

Luz alikuwa ameshafika pale, fagio la deki mkononi, mwili wake wote kilo arobaini na tano.

"Nimepiga deki," akamwambia. "Usipite."

Haki ya Mungu, Rodney alisita! Alisita kwa sekunde moja, kisha akageuka kutafuta mlango mwingine, akakanyaga trei yake ya rangi. Aliteleza chali kuanzia jikoni hadi jukwaani, akiacha mchirizi mweupe sakafuni, na viti vilivyopangwa pale vikamwangukia. Inspekta alimfikia kabla hajajua mguu upi ni wa kwake.

Bi Mulcahy, ana miaka themanini na sita na hasikii vizuri, akatoka jikoni na kikombe. "Inspekta, sasa utakunywa chai?"

Alikunywa viwili.

Rodney alikiri kabla hawajafika kituoni. Clive alikuwa amepanga Ijumaa hiyo hiyo atie saini wosia mpya, nyumba na shamba viende kwa kikosi cha zimamoto, kwa sababu mpwa wake hajawahi kumtembelea ila akiwa na shida. Sahani aliichukua kabatini ukumbini, na aliposhindwa kubandua plasta, akaifunika kwa selotepu yake ya kazi, ile mafundi rangi wanayozibia kingo. Luz habanduki kwenye hadithi hiyo mpaka leo. Mteja akiingia kununua plasta, anamwambia, "Hii imemfunga mtu."

Lakini siku ile mimi sikusubiri kusikia ya Rodney. Nilitoka nikakaa ngazi za mbele za ukumbi. Noelene akaja akakaa, siyo karibu sana.

"Sema," akaniambia.

"Kumi na tisa, Noelene!"

"Najua."

"Nimeamka alfajiri miaka kumi na tisa! Nimefuga bata kwa ajili ya mayai! Nimebadilisha jiko mara mbili! Na wewe unaendesha gari kwenda Burrendale kunywa chai! Ungemuua Clive ningekusamehe haraka zaidi, unanisikia?"

"Nakusikia. Na mji mzima unakusikia."

"Wasikie!"

Akavuta uzi kwenye aproni yake. "Tulipomzika mama, kila mtu alinishika mkono akaniambia, sasa sponji ni zamu yako. Unakumbuka sponji ya mama. Nilijaribu mara tano, Merle. Mara tano zimelala. Nikasema nitanunua moja tu, mwaka huu tu, ili wasimsahau. Ikashinda. Baada ya hapo ningetokaje?"

"Ungeniambia mimi!"

"Wewe ndiye uliyekuwa wa pili."

Nikapangusa pua kwa kitambaa cha vyombo.

"Na jela?" nikamuuliza. "Ungekwenda jela kwa ajili ya keki ya dukani, we mwanamke, una akili kweli?"

"Jela ningeizoea. Uso wako ukijua, huo nisingeuzoea."

"Sasa mbona umesema?"

Akanitazama kama nimemuuliza jina la mji wetu. "Si walikuwa wanakuchukua wewe?"

Nililia. Sioni haya kusema, nililia kwa sauti pale ngazini na watu wanapita, nikamvuta shoga yangu nikamkumbatia, nikampiga ngumi mgongoni, nikamkumbatia tena. Tulipotulia nikamuuliza kitu kimoja tu.

"Ule mwaka wa mafuriko. Yangu ilisimama juu vizuri mno."

"Ile?" akasema. "Ile iliishinda ya Iris kabisa. Jaji alikuwa na mafua."

Jumamosi maonyesho yakafanyika, na sponji ikabaki. Hakuna aliyethubutu kuifuta. Noelene alioka yake mwenyewe. Alikesha, akachoma moja, ya pili ikapona. Ilikuwa bapa, ukiigonga inaitikia. Aliiweka mezani kati ya zetu, kichwa juu, na akina mama wakampigia makofi kuliko walivyowahi kumpigia kwa zile za Iris.

Jaji alitoka mbali, hamjui yeyote kati yetu, nasi hatumjui. Akaonja zote. Akarudia. Nilikuwa nimevaa bluzi yangu mpya, nimeshapanga hata nitakavyojifanya nimeshtuka.

"Wa kwanza," akasoma, "Bi Luzviminda Baird. Wa pili, Bi Merle Hoskin."

Noelene aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, kweli chini, kwenye nyasi, na goti lake lile bovu, ikabidi watu wawili wamwinue.

"Luz!" nikasema. "Wewe umejifunza wapi kuoka sponji?"

"Kwako," akajibu, kana kwamba ni jambo la kawaida kabisa. "Miaka thelathini nimekaa jikoni kwako nakuangalia. Ndani nimeweka malimau ya Clive. Yalikuwa yamebaki mawili."

Nilikata kipande cha keki yake nikala, nikamkumbuka Clive, na ilikuwa tamu mno. Kisha tukala ya Noelene. Tuliichovya kwenye chai kwanza.

Jumapili Noelene alikuja kwangu na boksi la viatu. Ndani mlikuwa na tepe zote kumi na tisa za buluu, zimekunjwa vizuri. Nikamwambia akazitupe, sitaki hata kuziona. Kisha nikamwita akiwa ameshafika getini, nikachukua mmoja, wa mwaka wa mafuriko. Nimeutundika juu ya jiko. Mgeni akiuliza, namwambia nilishinda mimi, na Noelene akiwepo anaitikia kwamba ndiyo, alikuwepo, aliona kwa macho yake.